Meza Yangu Si Uwanja wa Ndege

Ndugu Mhariri,

YAH: KUNYANG'ANYWA MEZA NA MUME KWA SABABU YA UKURASA WENU WA BURUDANI

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea ziweke pembeni, maana nyuma yake kuna lawama na sitaki vichanganyike.

Mimi ni fundi wa mapazia. Madirisha ya nusu ya mtaa huu nimeyavisha mimi, na kazi hiyo naifanyia nyumbani, juu ya meza yetu ya chakula, kwa kuwa ni ndefu na imenyooka. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la saruji. Madereva wenzake walimbandika jina la Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akilipita gari jingine, hata lililoharibika. Mwaka jana daktari wa macho alimwambia lori sasa basi. Vya mbali havioni tena sawasawa, ingawa vya karibu anaviona vizuri, hasa vikiwa makosa yangu. Akarudi nyumbani na mto wake wa kukalia, akauweka kwenye kiti cha sebuleni, akaukalia, akanyamaza. Hakuwa mgonjwa wala hakununa. Alinyamaza tu, kama redio iliyochomolewa. Binti yetu, anayefanya kazi mji mwingine, alipoona hivyo akamletea kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege, ili baba yake apate cha kufanya.

Mpaka hapo sina neno. Maneno yanaanza siku jirani alipotuletea misumari iliyofungiwa kwenye gazeti lenu. Mume wangu aliiacha misumari akalisoma gazeti, akakuta makala ya mwandishi wenu anayejiita Rubani wa Sebuleni, yenye kichwa "Padi, Fimbo au Usukani: Chagua Kifaa Kinachokufaa". Tangu siku hiyo meza sina, na mume ninaye kwa vipande. Naandika kuomba vyote viwili virudishwe. Meza ije kwanza, maana ndiyo yenye wateja.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili msije mkasema hamkuyaona.

1. Padi. Rubani wa Sebuleni alishauri kwamba anayeanza aanze na padi, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili na kubonyeza kwa vidole gumba. Akaongeza kwamba kifaa kichaguliwe kulingana na ndege unayotaka kurusha. Mume wangu aliliheshimu hilo la pili kuliko mimi ninavyoheshimiwa. Alitafakari, kisha akachagua ndege ya mizigo. Abiria, alisema, wana maneno mengi, saruji haijawahi kumuuliza mtu tutafika saa ngapi.

Sasa nauliza: kabla ya kuandika, je, mwandishi wenu alilipima gumba la mtu aliyeng'ang'ania usukani wa lori kwa zaidi ya miaka thelathini? Gumba la mume wangu likishuka, linashuka juu ya vitufe vitatu. Siku ya kwanza alitaka kupandisha ndege juu. Ndege ikawasha taa, ikatoa magurudumu na kufungua mlango wa mizigo, yote kwa mpigo. Ndege ilianguka, na hilo hakulijali. Kilichomuuma ni saruji ya watu. Alikaa akiisikitikia mpaka chakula kikapoa, na chakula nilikipika mimi.

2. Fimbo. Padi ikapigwa marufuku, ikaitwa kifaa cha watoto. Tukahamia kwenye fimbo. Mwandishi wenu aliandika, na kipande hicho mume wangu amekikata akakibandika ukutani kwa pini zangu, kwamba fimbo isinunuliwe kwa macho. Ishikwe. Springi yake isikilizwe, kama inarudi katikati yenyewe au inalegea. Itazamwe pia kama inazunguka kwenye shina lake, maana inayozunguka inaweza kufanya kazi ya pedali za miguu kwa asiye nazo.

Ushauri mzuri, kama mngeishia dukani. Lakini mume wangu hawezi tena kuona kitu kirefu chenye kichwa bila kukijaribu. Amejaribu mwiko ukiwa ndani ya sufuria. Mpini wa mwavuli wa jirani ameujaribu jirani mwenyewe akiwa ameushika. Tulipokwenda kliniki ya macho, aliketi karibu na mzee mmoja mwenye mkongojo, akauomba kwa adabu, akaukita sakafuni kati ya magoti yake. Akauinamisha mbele. Akauvuta nyuma. Akauzungusha, huku amefumba macho kama anayesikiliza habari kutoka mbali. Kisha akamrudishia mwenyewe na kumweleza, kwa heshima zote, kwamba hauna springi. Yule mzee akamjibu kwamba hata yeye hana.

Watu wote kwenye benchi wakaangua kicheko. Mimi nilijiheshimu, nikacheka nyumbani.

3. Msamiati. Hili ni zito kwa sababu halina kitufe cha kulizima. Makala ya wiki iliyofuata ilieleza kuhusu "eneo bubu", ile sehemu ya katikati ya fimbo ambayo ukiigusa ndege haijibu. Likiwa kubwa mno, ndege inakuwa nzito ya kusikia. Likiwa dogo mno, inashtuka kwa pumzi tu. Mume wangu alisoma, akarudia kusoma, akainua macho, akanitazama, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyetajiwa hatimaye jina la ugonjwa wake wa siku nyingi. Akatangaza kwamba mimi nina eneo bubu kubwa, anaita mara tatu ndipo nageuka. Mama yake, akasema, hana kabisa, ukimgusa kidogo tu anapinduka.

Ndugu Mhariri, mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale pale sebuleni. Alipinduka papo hapo, na mume wangu akanionyesha kwa kidole kama mwalimu aliyefanikiwa katika jaribio lake. Ilichukua chai nyingi kumrudisha yule mama katikati.

4. Usukani. Fimbo pekee iliyomridhisha kwa maelezo ilikuwa kwenye duka la mji mwingine, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mume wangu akiwa katika huzuni hiyo, mwandishi wenu akaandika kwamba ndege nyingi za mizigo huendeshwa kwa usukani. Sijui kama ni kweli, mimi nashona. Ninachojua ni kwamba uso wa mume wangu uling'aa kama sufuria mpya. Usukani ukapatikana, wa mitumba lakini mzima, na ukafungwa kwenye meza yangu kwa vibano viwili vya chuma, katikati kabisa, pale ninapokunjulia kitambaa.

Nilidhani utafungwa na kufunguliwa, kama mambo mengine ya kistaarabu. Kumbe umesawazishwa. Usukani uliosawazishwa, naambiwa, hautolewi, na meza yake haisogezwi wala haiegemewi, na ikifutwa ifutwe kwa upole kuelekea upande mmoja. Tunakula tumeweka sahani magotini. Vitambaa navikatia sakafuni, nikiwa nimepiga magoti, na futi inateleza. Matokeo yake nilimkatia daktari wa meno wa mtaa wa pili mapazia mafupi. Kutoka barabarani wagonjwa wake wanaonekana kuanzia magotini kushuka, na miguu ya mtu anayeng'olewa jino ina habari nyingi. Naambiwa wateja wake wamepungua. Namdai radhi mwandishi wenu kwa niaba ya meno ya mtaa mzima.

5. Mwendo na adabu za barabarani. Hili lingekuwa la pili, lakini lilikuwa bado linakua. Hakuna mahali popote Rubani wa Sebuleni alipowaonya wanunuzi kwamba usukani wa ndege hauna honi. Mume wangu ameitafuta mpaka leo. Anataka kujua wingu likimkalia njiani anafanyaje. Zaidi ya hapo, hakuna aliyemweleza kwamba ndege, tofauti na lori, ukiiendesha kwa ustaarabu inaanguka. Tulikuwa tunakwenda vizuri, nasema tulikuwa kwa sababu nitakayoieleza kwenye namba inayofuata, mara nikamwona anapunguza mafuta. Nikamuuliza kuna nini. Akasema chini kuna shule, watoto watakuwa wanavuka. Ndege ikatetemeka, ikainua pua, ikachoka. Tukaanguka jirani kabisa na shule ile ile tuliyokuwa tunailinda.

Haraka haraka haina baraka, ndivyo alivyoishi, na ajali hakuwahi kupata hata moja. Leo anapata kabla ya chakula cha mchana.

6. Klachi. Hili ndilo lililonishikisha kalamu.

Mwandishi wenu, ambaye naona hajui kukaa kimya, aliandika kwamba mwenye nafasi chini ya meza aongeze pedali za miguu. Nafasi ilikuwepo, ndipo kilipokuwa kikapu changu cha vipande. Binti yetu akatuma pedali. Sasa sikiliza. Kwenye ndege, pedali ya kushoto inapeleka pua kushoto na ya kulia inaipeleka kulia. Lakini mguu wa kushoto wa dereva wa lori una kazi moja duniani, nayo ni klachi. Kila akitaka kuondoka, anaukanyaga. Hauulizi, unakanyaga. Na kila akikanyaga, ndege inaacha njia yake, inaingia kwenye majani upande wa kushoto, mume wangu anasema "samahani" kuyaambia majani, na tunaanza upya.

Alijaribu kuuonya ule mguu kwa maneno. Alijaribu kuuvua kiatu, akidhani labda kiatu ndicho chenye mazoea. Alijaribu kuufunga kwenye mguu wa kiti kwa utepe wangu wa pindo, na uwanja mzima ukashuhudia kiti kikikanyaga klachi. Mazoea yana taabu. Mwishowe akaustaafisha, kama yeye alivyostaafishwa, akatafuta mguu mwingine ambao haujawahi kuendesha chochote.

Ndiyo, Ndugu Mhariri. Mimi ndiye mguu wa kushoto.

Nakaa kwenye kigoda upande wake wa kushoto, mguu wangu uko kwenye pedali ya kushoto na wake wa kulia uko kwenye ya kulia. Anasema kushoto kidogo, nakanyaga kidogo. Pedali hizi zimeunganishwa ndani kwa ndani. Nikikanyaga mimi, wake unarudi nyuma, akikanyaga yeye, wangu unarudi. Mtu na mumewe wanabembeana chini ya meza mchana kweupe, na cherehani imefunikwa. Nimeanza kuyaota yale majani usingizini. Jana nilimsahihisha jirani aliyekuwa anaegesha baiskeli.

Tena si hilo tu. Daktari wa meno alikuja kulalamikia mapazia yake, na alikuwa na haki. Akabisha, akaingia, akatukuta wote wawili peku, tumekaza macho kwenye kioo cha kompyuta, tunatua. Nilimwomba asubiri. Badala ya kukasirika kama mteja wa kawaida, aliketi, akatazama, na tuliposimama akasema tumekuja juu mno. Mume wangu akamweleza kwamba hii ni ndege ya mizigo, abiria hawaruhusiwi. Daktari akajibu basi ahesabiwe kuwa mzigo. Tangu hapo anakuja kila akifunga ofisi, anakaa nyuma kimya, na habari za mapazia hazitaji tena. Mnaona jinsi jambo hili linavyoenea. Leo ni mng'oa meno, kesho nani atashika mgonjwa?

Kwa hiyo, baada ya kufikiri kwa utulivu nilioubakiza, naomba yafuatayo.

Kwanza, Rubani wa Sebuleni atamke kwa maandishi makubwa kwamba usukani hufungwa kwenye meza ya mwanamume mwenyewe, si ya mkewe. Asiyekuwa na meza yake apewe ile mnayoandikia magazeti. Nyinyi mtaandikia magotini, mtazoea, sisi tunakula hivyo.

Pili, wenye viwanda vya ndege waombwe kuongeza klachi upande wa kushoto. Najua mtaona ni jambo kubwa. Lakini pimeni wenyewe: ndege mpya hutengenezwa kila leo, na mume wangu hakuna atakayemtengeneza upya. Lipi jepesi?

Tatu, wakikataa, Rubani wa Sebuleni aje mwenyewe awe mguu wa kushoto. Asubuhi atakanyaga, mchana atapima madirisha, jioni atamtuliza mama mkwe. Akimudu wiki moja, makala zake nitazisoma nimesimama.

Nne, hayo yote yakishindikana, mchukueni mume wangu huko ofisini. Hana makuu, hali kwa kuchagua, na mto wa kukalia anao. Nawatahadharisha tu kwamba msiache kitu chochote kirefu chenye kichwa karibu naye. Na akishakuwa wenu, kazi ya kumsikiliza mchana kutwa akieleza upepo unavuma kutoka wapi itakuwa yenu pia. Mimi nimechoka, nasema wazi. Nilipoolewa sikuahidi kuruka.

Nakusalimia wewe, na mpanga herufi, na mlinzi wa langoni, na anayewachemshia chai. Mke wa Rubani wa Sebuleni, kama bado yupo, mwambieni namfikiria. Mama mkwe wangu naye anawasalimu, ila kwa mbali.

Nasubiri jibu, nikiwa nimepiga magoti juu ya kitambaa.

Wako katika haki na pindo lililonyooka,

Fundi wa Mapazia,
mke halali wa Taratibu

Nyongeza: Barua hii haikuondoka siku niliyoiandika. Niliona si haki kumsema mtu nyuma ya mgongo wake, kwa hiyo nilimsomea mume wangu kabla ya kuipeleka posta. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanisahihisha jambo moja tu, kwamba haikuwa saruji peke yake, alibeba na mabati. Kisha akainuka. Akafungua vibano, akauingiza usukani kwenye boksi lake, akakunja waya mmoja mmoja, akatoa pedali, akakirudisha kikapu changu chini ya meza. Akaifuta meza, upande huu na upande ule. Akaniambia, "Nisamehe, mama. Sikujua kama nimekunyima kazi."

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilikata mapazia ya daktari upya, yakaanguka mpaka chini bila kosa. Tulikula mezani kama watu. Nikamuuliza chumvi inatosha, akasema inatosha. Nikamwambia binti amepiga simu, akasema vizuri. Kesho yake nikamuuliza upepo unavuma kutoka wapi, akasema hajui. Daktari wa meno alipita, akasimama mlangoni, akayapokea mapazia yake, akaondoka. Mume wangu alikaa juu ya mto wake akiutazama ukuta, na jioni mama mkwe alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini mwanawe anaumwa nini.

Dawa yake nilikuwa nimeifungasha mimi mwenyewe kwa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya sita. Niliogopa, Ndugu Mhariri. Ule ukimya nilikuwa nimeusahau ulivyo.

Kwa hiyo yaliyoandikwa hapo juu yafuteni yote, pamoja na klachi. Rubani wa Sebuleni aendelee kuandika, tena aongeze kurasa. Ninachohitaji sasa ni jibu la swali moja, na nalihitaji haraka. Asubuhi hii nimelitoa boksi mwenyewe, nikauweka usukani juu ya meza, nikakaza vibano kwa nguvu zangu zote, na umesimama kichwa chini miguu juu. Je, vile vibano huingia kwa juu ya ubao au kwa chini? Mume wangu anajua, lakini tangu alipouona anacheka, machozi yanamtoka, ameshikilia ukingo wa meza, na mpaka naandika mstari huu hajaacha. Sitaki kumkatiza.